Uzuri wa mkakasi na gitaa la mtumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee ununuzi wa magitaa makavu ya mtumba, yaani yale yasiyohitaji umeme. Wanunuzi wapo wengi: vijana wanaoanza kujifunza, kwaya za makanisa, shule, wazazi wanaotafuta zawadi ya mtoto. Karibu wote hununua kwa mtindo mmoja. Husimama mbele ya ukuta yalikotundikwa, huyatazama usoni, huchagua linalong'aa, kisha huomba wapunguziwe bei kwa ajili ya mkwaruzo walioukuta mgongoni. Lile lililochubuka kifuani halishikwi hata kidogo.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa gitaa methali hiyo ina utamu wa pekee, kwa sababu hicho kipande cha mti cha ndani ndicho bidhaa yenyewe. Kinachong'aa nje ni vanishi, na mikwaruzo mingi inaishia kwenye vanishi hiyo hiyo. Kasoro zinazoliua gitaa ziko kwenye umbo: pembe ya shingo, kifua (ubao wa mbele) kilichovimba, daraja (kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi kifuani) linalong'oka, freti (vile vyuma vinavyokatisha shingo) zilizolika. Ukisimama mbele huzioni. Ndiyo maana nasema gitaa la mtumba litazamwe kwanza ubavuni, usoni baadaye.

Nianze na mzigo ambao chombo hiki kinabeba. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zile ambazo ule mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012, zikikazwa hadi sauti yake huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye daraja mchana na usiku, na daraja lenyewe limegundishwa juu ya ubao wa kifua ambao unene wake ni milimita 3 hivi. Miaka ikipita, kifua huvimba nyuma ya daraja na kubonyea kati ya daraja na tundu la sauti. Shingo nayo huinamia mbele kidogo kidogo. Matokeo yake nyuzi zinapanda juu, vidole vinauma, na mwanafunzi anaambiwa hana kipaji.

Kipimo cha kwanza, basi, ni rula ya chuma ya sentimita 60 iliyonyooka. Ilaze juu ya freti, katikati ya shingo, kati ya uzi wa tatu na wa nne, kuanzia freti ya kwanza au ya pili, uisukume mpaka ifike kwenye daraja. Ikipita juu kabisa ya mbao ya daraja, au unywele mmoja zaidi ya hapo, shingo ni nzima. Ikigonga uso wa mbele wa daraja milimita 1 chini ya ukingo, hapo kuna mazungumzo ya bei. Ikigonga milimita 2 au 3 chini, shingo inatakiwa ing'olewe kwa mvuke, kitako chake kichongwe upya, irudishwe. Kazi hiyo hufanywa kwenye magitaa ya thamani kubwa. Kwa gitaa la kawaida la kiwandani gharama yake itazidi bei ya gitaa, na mara nyingi gundi iliyotumika haikubali kuachia bila kupasua mbao. Liache hapo lilipo, hata kama linang'aa kama kioo.

Muuzaji mjuzi atakwambia nyuzi zinashushwa tu. Ni kweli zinashushwa, ila kwa hesabu. Kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi juu ya daraja, mafundi tunakiita sadeli. Freti ya 12 iko nusu ya njia kutoka mwisho wa shingo hadi kwenye sadeli, kwa hiyo ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 pale kwenye freti ya 12, lazima upunguze milimita 2 kwenye sadeli. Sadeli yenye afya huchomoza milimita 3 au zaidi juu ya mbao. Ukiikuta imebaki milimita 1 na nyuzi bado ziko juu, maana yake dawa imeshatumika yote na ugonjwa umebaki.

Kuna ujanja mbaya zaidi ya huo: daraja lenyewe hupigwa randa ili rula ipite na sadeli ionekane ndefu. Pima unene wake. Daraja la gitaa la nyuzi za chuma hutoka kiwandani likiwa na milimita 8 hadi 9 hivi. Lenye milimita 5 limechongwa. Hapo nyuzi hupita juu ya sadeli karibu zikiwa zimelala, haziikandamizi vya kutosha, sauti inakuwa nyembamba, na mbao iliyobaki hupasuka kufuata mstari wa matundu ya pini zinazobana nyuzi.

Wengine hujitetea kwa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. "Ina fimbo, fundi atakaza tu." Fimbo ile ina kazi moja: kunyoosha au kulegeza upinde wa shingo yenyewe. Haigusi pembe ambayo shingo imeungana na mwili. Kupima upinde ni rahisi. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya 14 kwa mkono wa pili, mwenzako atazame kwenye freti ya 7. Pawepo na nafasi ya milimita 0.1 hadi 0.25. Kama huna filageji ya fundi wa pikipiki (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi), karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa milimita 0.1 hivi, karatasi moja ipite kwa urahisi, tatu zisipite. Nafasi ikizidi, fimbo inakazwa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha unasubiri na kupima tena. Mwombe muuzaji akuonyeshe kwa alenki kwamba nati ya fimbo inazunguka na kwamba kuna kitu inachokamata. Ikizunguka bure pande zote, fimbo imekatika au meno ya skrubu yake yamekufa. Ikiwa imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda, hakuna msaada uliobaki.

Kisha shika gitaa kama anayelenga shabaha, jicho likiwa kichwani mwa shingo, ulinganishe mstari wa freti za mwanzo na mstari wa daraja. Mistari hiyo iende sambamba. Shingo iliyopinda kama upinde inanyooshwa. Iliyojisokota kama kamba, achana nayo.

Uvimbe wa kifua usikutishe kupita kiasi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma hayatengenezwi na kifua bapa kama meza. Huwa yamebenuka kidogo toka mwanzo. Ilaze rula kukatisha kifua, nyuma ya daraja. Ikicheza kama bembea na kuacha milimita 2 au 3 kila upande, ni kawaida. Mbaya ni uvimbe mkali wa nyuma unaoendana na bonde mbele ya daraja, hasa kama daraja lenyewe limeinama kuelekea kwenye tundu. Huo ni ushahidi kwamba mihimili ya ndani imeachia au ubao mgumu ulio chini ya daraja umechoka.

Daraja lipimwe kwa karatasi. Chukua kipande cha karatasi nyembamba ujaribu kukipenyeza chini ya ukingo wa nyuma wa daraja na kwenye pembe zake mbili. Kikikataa, vizuri. Kikiingia milimita 1 inawezekana ni vanishi tu iliyoacha nafasi. Kikiingia milimita 3 au zaidi, gundi imeanza kuachia na itaendelea, kwa sababu mvutano haupumziki. Marekebisho yake si ya kumwaga superglu kwenye mwanya. Daraja linapashwa moto taratibu, linang'olewa kwa kisu chembamba kisicho na makali, gundi kuukuu inakwanguliwa pande zote mbili mpaka mbao ionane na mbao, gundi ya seremala inapakwa, linabanwa kwa klempu tatu, na nyuzi haziwekwi kabla ya saa 24. Anayemwaga superglu anaharibu kazi ya fundi atakayekuja baadaye, maana ile gundi inapenya kwenye vinyweleo vya mbao na gundi nyingine haishiki tena. Ukiona michirizi mieupe iliyokauka kuzunguka daraja, au boliti mbili zilizopigiliwa katikati yake, jua limeshawahi kung'oka.

Sasa ingia ndani. Simu ya kila mtu ina tochi. Iwashe, ipenyeze kwenye tundu la sauti nyuzi zikiwa zimelegezwa, uzime taa za chumbani. Ufa wowote uliopenya mbao utaonekana kwa nje kama mstari wa mwanga. Mstari unaoonekana juu lakini haupitishi mwanga, mara nyingi ni vanishi iliyopasuka, na hiyo ni sura tu. Ufa wa kweli ubonyeze taratibu kwa dole gumba upande mmoja kisha wa pili. Kingo zikicheza, uko wazi na utakoroma unapopiga. Ufa uliogundishwa vizuri na kuwekewa viraka vidogo vya mbao kwa ndani hauna shida. Napendelea gitaa lenye ufa uliotengenezwa kwa mkono wa fundi kuliko lenye ufa uliofichwa kwa puti.

Ukiwa na simu ndani, piga picha za mihimili na za chini ya daraja, uzikuze. Angalia mahali vichwa vya nyuzi vinapojishikiza: kama vimechimba mashimo kwenye ubao, pini zitaruka. Angalia pia vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini wa mbao. Unga mpya, mweupe, unaomwagika ukiligonga gitaa, ni wadudu walio hai. Gitaa hilo usiliingize nyumbani kwako karibu na makabati. Mwisho gonga kifua na mgongo kwa kifundo cha kidole, sehemu kwa sehemu. Mlio uwe wa ngoma ndogo. Ukisikia mtetemo mkavu kama kopo lenye changarawe, kuna muhimili ulioachia. Huo hugundishwa bila gharama kubwa, kwa hiyo usikimbie. Utaje tu kwenye bei.

Nirudi kwenye sura, maana kuna sura zinazosema ukweli. Gitaa kuukuu lenye mng'ao mpya mno ndilo la kuliogopa. Tazama kama vanishi imeparamia kingo za daraja, freti, au kibandiko kilichomo ndani. Tazama mikwaruzo ya msasa iliyonaswa chini ya rangi. Vanishi ya makabati ikipakwa nene kwenye kifua cha milimita 3 inaongeza uzito palepale panapotakiwa kutetemeka, na sauti huwa kama ya mtu anayeimba amefunikwa blanketi. Tena haitoki bila kukwangua mbao.

Kwa upande mwingine, michubuko ya vidole na plektra (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) chini ya tundu haibadilishi kitu. Mwimbaji wa Marekani, Willie Nelson, amekuwa akipiga tangu 1969 gitaa lake la Martin aina ya N-20, analoliita Trigger, ambalo kifua chake kina tundu la pili lililolika kwa vidole na plektra, kwa kuwa magitaa ya nyuzi za nailoni hayawekewi kinga ya kifua. Gitaa lile likitundikwa kwenye maduka yetu bila jina la mwenyewe, nadhani hata mlinzi wa duka angeombwa alitupe.

Freti zina hadithi yao. Vile vyuma vinavyokatisha shingo huwa na kimo cha milimita 1 hivi vikiwa vipya. Nyuzi huvichimba, hasa freti tatu za mwanzo chini ya uzi wa kwanza na wa pili, kwa sababu ndiko wanaoanza wanakoshinda. Pitisha ukucha juu ya freti kufuata urefu wake. Ukikwama kwenye mfereji, freti inahitaji tupa. Mfereji mwepesi husawazishwa; ukikaribia nusu ya kimo, freti inabadilishwa. Ncha zinazochoma mkono ubavuni mwa shingo zinaonyesha kwamba ubao umekauka na kusinyaa wakati chuma hakisinyai. Kuzikata ni kazi ya saa moja.

Tuje kwenye mkono, na hapa kuna hila ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Gitaa lenye nyuzi za juu na ngumu hulegezwa nusu toni au toni nzima kabla mteja hajafika. Nyuzi zinakuwa laini kama za nailoni, mteja anafurahi, anafika nyumbani anakaza hadi sauti yake na kukuta amenunua jiwe. Kwa hiyo kabla ya kupiga chochote fungua programu ya kupimia sauti kwenye simu, ukaze uzi wa tano hadi noti ya A, ya mitetemo 110 kwa sekunde, na zilizobaki zifuate. Muuzaji akikuzuia kukaza kwa kisingizio kwamba nyuzi ni kuukuu zitakatika, nunua nyuzi mpya mkononi mwake umwombe azifunge. Bei ya seti moja ni ndogo kuliko majuto.

Likishakazwa, pima kimo kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 hivi kwa uzi mnene na 2 kwa uzi mwembamba ni pazuri. Kwa nailoni ni 4 na 3, maana nyuzi hizo hutetemeka kwa upana zaidi. Ukikuta 4 kwa nyuzi za chuma, rudi kwenye rula na sadeli ujue kama kuna nafasi ya kushusha.

Lakini kabla hujalihukumu gitaa kwamba ni gumu, kagua upande wa pili wa nyuzi, pale kwenye kipande cha mfupa kinachotenganisha shingo na kichwa. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 utazame nafasi juu ya freti ya 1. Iwe ndogo sana, ya unywele. Ikiwa milimita 1, vijia vya kile kipande havikuchimbwa vya kutosha. Kasoro hii hutoka kiwandani kwenye magitaa mengi ya bei nafuu. Inaifanya kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ile ya kidole kimoja kulala juu ya nyuzi zote sita (kodi ambayo imewatoza wengi jasho kuliko ya serikali), isiwezekane kabisa, na noti za freti za mwanzo hupanda juu kuliko inavyotakiwa. Fundi mwenye tupa nyembamba anaimaliza kwa nusu saa. Hapo ndipo mnunuzi mwenye macho anapopata faida: gitaa linaloonekana gumu na lisiloimba sawasawa, limekataliwa na watu kumi, kumbe lina tatizo la nusu saa.

Upana wa shingo ni suala la mkono wako. Mengi ya nyuzi za chuma yana milimita 43 au 44.5 pale mwanzo. Ya nailoni yana 52. Mtoto au mtu wa vidole vifupi asilazimishwe shingo pana kwa sababu tu rangi imempendeza mzazi.

Sasa sauti. Masikio hudanganywa na macho, na hili limepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio ambamo wapigaji 52 walipewa magitaa sita ya umbo moja na kifua cha aina moja, yakitofautiana mbao za mgongo na mbavu tu. Walipiga kwenye chumba chenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya kuchomelea. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na mbao za bei ghali hazikujitenga na za bei nafuu. Hispania nako, mwaka 1862, fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye kifua cha mbao lakini mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba sauti inatoka kifuani. Gitaa hilo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya muziki huko Barcelona.

Kwa hiyo mtu akikupandishia bei kwa sababu mgongo ni wa mpingo au rozwudi, furahia uzuri wake, lakini pesa yako ielekeze kwenye kifua. Mpingo wetu ni mti wa heshima, zumari za Ulaya kama klarineti na oboe zinachongwa kwa huo, ila kifua cha plaiwudi hakiokolewi na mgongo wa mpingo. Kujua kama kifua ni ubao mmoja au plaiwudi, tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ya juu ikishuka moja kwa moja hadi chini kupitia unene wote, ni ubao. Ukiona tabaka kama za chapati za kusukuma, ni plaiwudi. Plaiwudi si dhambi. Inavumilia unyevu na kuangushwa, inafaa shule. Haifai tu kulipiwa bei ya ubao.

Kusikiliza kwenyewe kufanyike hivi. Kaa ukitazama ukuta, mita moja mbele yako, sauti ikurudie; la sivyo unasikia upande wa juu tu wa gitaa. Kisha mwombe mwingine apige, wewe simama mita 3 mbele, ugeuke mgongo. Alinganishe magitaa mawili au matatu kwa wimbo ule ule bila kukwambia analoshika. Apige kwa ulaini, kisha kwa nguvu: gitaa zuri linaongeza sauti kadiri mkono unavyoongeza, baya hufika mahali likaanza kupayuka tu. Halafu pitia kila uzi, freti ya 1 hadi ya 12, noti moja moja. Ni noti 72, dakika nne hazifiki. Unatafuta mkoromo na noti zinazokufa ghafla. Noti moja kwenye uzi wa sita, kati ya freti ya 2 na ya 5, ikivuma kuliko jirani zake, usiite kasoro. Hewa iliyomo ndani ya sanduku ina mlio wake, na kila gitaa lina hiyo.

Usahihi wa sauti upimwe kwenye freti ya 12. Gusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza, upate mlio wa kengele. Kisha ubonyeze upige. Noti ziwe moja. Nusu toni hugawanywa senti 100. Tofauti ya senti 5 inavumilika, ya 15 na nyuzi ni mpya, kuna tatizo la kimo au la mahali sadeli ilipo. Nyuzi zenye kutu hudanganya kwenye kipimo hiki, na hapa mwambao kutu haichelewi.

Na hali ya hewa izingatiwe. Watengenezaji hulenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55, wakati Tanga, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa unyevu hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka. Mbao hunywa maji, kifua hunyanyuka, nyuzi hupanda. Gitaa lililopimwa wakati wa masika litakuwa na kimo kingine kiangazi, na lililozoea Pwani likihamishiwa Dodoma laweza kufungua ufa uliokuwa umejibana. Anayesafiri nalo asiliache kwenye gari lililoegeshwa juani pia: gundi nyingi za mbao huanza kulegea joto likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi.

La mwisho nawaomba wenye maduka. Magitaa ya nailoni yanayoletwa kwenye mtumba yafungwe nyuzi za nailoni. Yanatambulika: kichwa kina mianya miwili mirefu, nyuzi hufungwa fundo kwenye daraja lisilo na pini, shingo ni pana na mara nyingi haina fimbo ndani, na huungana na mwili kwenye freti ya 12. Yalijengwa kubeba kilo 40 hivi. Mkiyafunga nyuzi za chuma kwa sababu zinalia zaidi dukani, mnayatwika karibu mara mbili. Daraja litang'oka au shingo itakunjika ndani ya miezi michache, wakati mteja ameshaondoka, na gitaa litarudi kwetu mafundi likiwa bado linang'aa.

Fundi wa ala za nyuzi,
Tanga